Uvumilivu Uliokuwa Ukiisha Jioni Tu

Shikamooni wazee. Vijana wenzangu, habari za mchana. Haya nimeyaandika kwenye daftari kwa siku nne, maana nikisimama mbele za watu maneno hunikimbia. Nikisoma polepole, mnivumilie.

Mnanijua kama yule dada mpole anayeuza mitumba sokoni Buzuruga. Upole ule ulikuwa wa mchana. Mama alipofariki nilibaki na mdogo wangu wa kike, wakati ule akiwa na miaka tisa, katika chumba kimoja Pasiansi. Tangu biashara iachiwe huru, wauza mitumba tumekuwa wengi, kwa hiyo mteja akikutukana unacheka. Atavuruga fungu zima, kisha aseme, "Nguo zenyewe zinanuka maiti." Nawe unamjibu, "Karibu tena, mama."

Nikirudi nyumbani, nilimpiga mdogo wangu. Kwa mwiko, kwa kandambili, kwa chochote. Akimwaga maji, nampiga. Akichelewa kuitika, nampiga. Kisha najilaumu, nalia.

Mwaka huo akaja bwana mmoja msomi kutufundisha vijana, humu humu ukumbini. Alitugawa makundi mawili. Wengine wakala maandazi ya moto. Sisi tukaambiwa tuyatazame tu. Akatangaza, "Hawa waliojizuia watachoka mapema." Kisha kila mtu akapewa uzi wa nyavu uliotatana, afungue mafundo. Kweli, sisi tuliojizuia tukaacha mapema. Akasema, "Mmeona? Uvumilivu ni kama mafuta ya kibatari. Ukiyatumia mchana, jioni hakuna."

Ndugu zangu, nawaambia, maneno yale niliyapokea kama dawa. Kabla ya hapo nilikuwa napiga na kujilaumu. Baada ya hapo nikawa napiga, basi. Hata mtoto nilimwambia, "Usinichokoze jioni. Mafuta yangu yameishia sokoni."

Jumapili moja mvua ilinyesha tangu asubuhi, sikwenda popote. Nililala, nikala viazi, hakuna aliyenitukana. Alasiri mtoto akaangusha sufuria ya uji. Nikashika mwiko. Hakukimbia. Akanitazama, akauliza, "Dada, leo hukwenda sokoni. Mafuta ameyamaliza nani?"

Nikampiga hata hivyo. Hapo ndipo nilipokuwa naogopa kupasoma leo.

Wiki ile shangazi yetu alivuka na kivuko kutoka Kamanga, akaona alama mgongoni kwa mtoto.

"Huyu naondoka naye. Wewe baki na sketi zako."

"Shangazi, sokoni wananichosha mno."

"Mbona hao wanaokuchosha huwapigi?"

Akaondoka naye, nikabaki peke yangu chumbani. Nikaanza kumshuku yule bwana, kisha nikajishuku mimi. Nikakumbuka siku ile ukumbini: vidole vyangu havikuwa vimechoka. Fundo nililiona lilipo. Niliacha kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa nitaacha, na mwenzangu wa pembeni alikuwa ameshaacha.

Basi nikanunua maandazi, nikaomba uzi kwa wavuvi, nikawaita wauza mitumba wenzangu. Wengine nikawapa wale, wengine watazame tu, kisha wote wafungue mafundo; sikuwaambia natafuta nini.

"Tangu lini wewe ukagawa kitu bure?" mmoja akauliza. "Onja kwanza wewe, tuone kama hufi."

Aliyekula manne ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutupa uzi. Mmoja aliyetazama tu aliendelea mpaka tukafunga biashara. Wiki iliyofuata nikarudia na watu wengine: safari hii waliojizuia waliacha mapema kidogo. Nikarudia mara ya tatu, sikuona tofauti. Kwa hiyo sijui. Huenda uvumilivu huchoka, huenda hauchoki. Mimi nimeishia darasa la saba, na watu wangu walikuwa wachache. Ninachojua ni kwamba nilimpiga mtoto kwa kutegemea jaribio la siku moja, kwa sababu lilinipendelea.

Nikavuka kwenda Kamanga kumwomba shangazi. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasema mtoto aje wakati wa likizo tu, na mama mmoja jirani yetu awe anaingia kwetu jioni bila kupiga hodi. Aliingia kweli, akimfunua mtoto mgongo mbele yangu. Aibu ile ilinifaa. Kuchoka nilichoka vilevile. Hasira ikipanda, nilitumbukiza mikono kwenye beseni la vyombo mpaka ishuke. Mikono ilitii, jioni zile zile nilizosema haiwezekani. Likizo ilipoisha, shangazi hakuja kumchukua.

Asante shangazi, kwa kunikatalia. Asante mama jirani. Na yule msomi simchukii. Alitueleza alichokiona, mimi ndiye sikutaka kuuliza mara ya pili. Ukisikia neno linalokuondolea lawama, lishuku. Lijaribu tena, siku ambayo halikufai.

Na mimi pia msiniamini. Mtu akijisimulia, hujipendelea. Mdogo wangu amekaa pale nyuma, karibu na mlango. Sasa natoka nje, niende mahali asiponiona. Muulizeni yeye.