Fundi Asiyeapa

Wapendwa, amani iwe nanyi. Mwenyekiti kaniomba nisimulie kwa ufupi, naye ananijua vizuri, ndiyo maana ameshaanza kutazama saa. Nitajitahidi. Jina la mtu sitalitaja, hata la mtu aliyemo humu ndani, na mmo wawili watatu, kwa hiyo tulieni tu.

Wengi wenu mwanijua. Nimetoka bara, naishi Majengo, kazi yangu ni kutengeneza injini za boti katika karakana moja upande wa Liwatoni. Mwenye karakana ni mzee wa Kiislamu, mtu wa Mombasa tangu babu zake. Mafundi tuko wanne, wawili Waislamu na wawili Wakristo. Twala sahani moja, twataniana, twaazimana spana. Sijawahi kuona mtu akibughudhiwa pale kwa sababu ya dini yake.

Sasa, siku moja propela ya mteja ikapotea. Propela ni lile panga linalozunguka chini ya maji na kusukuma boti, na hii ilikuwa ya shaba, nzito, kitu ambacho mnunuzi wa vyuma chakavu akikiona tu anatabasamu. Jioni tuliiacha juu ya meza. Asubuhi haipo. Na ufunguo ulikuwa kwangu.

Mzee hakutaka polisi. Alisema mambo yetu tutayamaliza wenyewe, kila mtu ale kiapo, yaishe. Wale wenzetu Waislamu wakatia udhu, wakashika msahafu, wakaapa. Mkristo mwenzangu akaletewa Biblia, akaapa haraka haraka, hata grisi hajaifuta mikononi. Ikafika zamu yangu. Nikasema, "Mzee, nisamehe. Mimi siapi."

Jamani! Laiti ningesema nimemuua mtu, wangeshtuka kidogo kuliko vile.

Mwaujua mji huu. Hapa mtu akikuuzia mchicha anaapa. Akisema amekunywa chai, wallahi amekunywa. Nasi wa bara hatujambo, haki ya Mungu hii, haki ya Mungu ile. Mtu akikataa kuapa penye wizi hana haja ya kushtakiwa, amekwisha kujishtaki. Lakini mimi tangu niokoke nilisoma mwenyewe kwamba Bwana wetu alitukataza kuapa, si kwa mbingu wala kwa kitu kingine chochote. Hakubakisha hata mlango wa uani. Nikaamua nitashika hivyo. Kuamua kulikuwa rahisi, maana wakati ule hakuna aliyekuwa amenitaka niape.

Mzee akanitazama, akaniambia nikapumzike nyumbani kidogo. Nilielewa. Yule Mkristo mwenzangu akanifuata hadi barabarani. "Wewe una wazimu? Ni maneno mawili tu. Kama hukuchukua, ukiapa umesema kweli. Dhambi iko wapi?"

Niwaambie ukweli, hata leo sina jibu la kumtosha. Nilimwambia, "Nimekatazwa, ndugu yangu." Akanitemea mate karibu na viatu, akarudi kazini. Tangu siku hiyo akawa hanisalimii, na huyo ndiye rafiki niliyekuja naye Mombasa kutafuta kazi.

Basi, nikaanza kutengeneza pampu za maji pale Majengo. Zikaja chache. Halafu habari ikatembea, mnajua inavyotembea. Mama mmoja akaja kuchukua pampu yake kabla sijaifungua. Nikamuuliza, "Kulikoni?" Akasema, "Nasikia ni wewe uliyekataa kuapa." Akaondoka na pampu imekufa vile vile. Iliniuma. Niliona afadhali angeniita mwizi usoni.

Na nyinyi wapendwa wangu hamkunisaidia sana. Usicheke, dada. Mmoja wenu alinijia na hoja kwamba hata mahakamani waumini wakubwa huapa. Mwingine akaniambia Mungu hatazami maneno, hutazama moyo. Nikawasikiliza. Pengine walikuwa sahihi. Sihukumu mtu anayeapa, kila mtu ana dhamiri yake. Yangu mimi ilikuwa imekataa, nami sikuwa na nyingine.

Kubwa zaidi lilikuwa mke wangu. Alikuwa ameanza kufua nguo za watu, na adhuhuri moja nilimkuta uani anakamua shuka, vidole vimekunjamana. Nikamuuliza, "Wewe waniamini?" Akasema, "Nakuamini. Sijawahi kukushuku hata kidogo. Lakini nakuomba, nenda ukaape, nimechoka." Nikaingia ndani nikalia. Nilimkasirikia Mungu, sifichi. Nilimwambia, umenikataza neno dogo, waninyima mkate kwa ajili yake, nawe hata hunisemei?

Sikwenda kuapa. Lakini msidhani nilikuwa jasiri. Kila asubuhi nilikuwa nikijiambia, leo nitakwenda.

Halafu Mzee akaniita. Nilimkuta kwenye kibaraza cha karakana, baada ya sala ya alasiri, kikombe cha kahawa mkononi, mafundi wakifanya kazi karibu naye. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniambia, "Keti kitako, babangu." Nikaketi. Nikajua Biblia italetwa.

Akaniuliza, "Siku ile nilikwambia nini?"

"Uliniambia niape, Mzee."

"Nilikuuliza kama umeichukua?"

Nikafikiri. Kweli, hakuniuliza. Hakuna aliyeniuliza! Mji mzima ulitaka niape, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali lenyewe.

"Basi nakuuliza leo. Umeichukua?"

"La, Mzee. Sikuichukua."

Akanywa kahawa yake. Kisha akasema, "Nimewauliza wenye boti. Mafundi wangu hawa huwaambia wallahi kesho, haki ya Mungu kesho, na kesho ikifika injini iko chini vipande vipande. Wewe hakuna aliyewahi kukusikia ukiapa, na ukisema Jumanne, inakuwa Jumanne. Mimi nikaamini viapo vya watu wa kesho, nikamfukuza mtu wa Jumanne. Tena mwizi, babangu, angekataa kuapa kwa nini? Mwizi angeapa mara tatu, akaomba na maji ya kunywa." Akaweka kikombe chini. "Nimekukosea. Niwie radhi, urudi kazini."

Mtu mzima kama yule, mbele ya mafundi wake, aniombe radhi mimi. Nilichukua ovaroli yangu iliyokuwa ingali msumarini, nikaivaa huku machozi yanatoka.

Propela haijaonekana mpaka leo. Msingojee niwaambie ilipatikana kwa fulani, sijui. Wako wanaoamini bado kwamba ninayo, na nimejifunza kuishi nao.

Nawashukuru. Mama mwenye nyumba wetu, ambaye alikuwa akitugongea mlango na bakuli la mbaazi, asiulize kitu. Nyinyi mliodhani ni ukaidi na bado mkaniombea. Mzee wangu, ambaye dini yake si yangu. Na mke wangu, aliyekasirika, akanuna, akafua, asiondoke.

Ninalowaachia ni dogo. Ukishika jambo la imani ambalo wenzako wanaliona halina akili, usipoteze nguvu kuwaeleza sana. Tazama mwenendo wako mwingine wote, maana hapo ndipo watakapopima. Mimi nisiyeapa sina pa kujificha. Nikipigiwa simu ningali kitandani, siwezi kusema niko njiani, nimeshafika pale Sabasaba. Ni kazi, nawaambia.

Juzi kaja mteja mgeni na injini yake, ana haraka. Akanishika mkono, "Fundi, sema wallahi itakuwa tayari Ijumaa." Kabla sijajibu, yule rafiki yangu, yule wa mate barabarani, akainua kichwa kutoka kwenye injini aliyokuwa ameifungua. Akamwambia, "Huyo haapi, bwana. Muulize tu."

Mteja akanigeukia. "Haya. Ijumaa?"

Nikaitazama ile injini vizuri, nikamwambia, "Jumamosi." Akaniachia injini yake.