Mzee Kengele na Daktari Niliyemwomba

Baada ya kuitumikia ofisi ya ushauri wa wanafunzi ya chuo chetu kikuu kwa miaka ishirini na saba, Mzee Kengele anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wahariri wa jarida la wafanyakazi wamenipa mimi, mama wa jikoni, heshima ya kumwandikia. Wamefanya vizuri, maana hakuna mwenye sababu kama yangu. Sababu yenyewe ni binti yangu, na atakayeona najisifu anivumilie.

Mzee Kengele alianza kama karani wa mapokezi. Siku hizo kijana aliyekuja kuuliza kuhusu kazi za tiba na sayansi alipewa karatasi akasome kwao. Yeye ndiye aliyewatoa wataalamu maofisini, akawaketisha meza moja na vijana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sharti lake lilikuwa moja: profesa asianze na vyeo vyake, aanze na kazi aliyoifanya jana, tangu alipofungua mlango. Aliyeanza na historia ya masomo yake alipigiwa kengele ya mezani, hata awe nani. Mkuu wa kitivo cha tiba alipigiwa sana, hadi akatania kwamba mkewe anaulizia kengele hiyo inauzwa wapi.

Sasa binti yangu. Alifaulu masomo yote ya sayansi, akili nyingi kama za mama yake, nami nikautangazia mtaa mzima kwamba nyumba yangu inatoa daktari. Majirani wakaanza kumwita Daktari kabla hata hajafunga begi. Lakini mtoto akaanza kukonda. Chakula hagusi, maneno hatoi. Mwishowe akamwambia shangazi yake kwamba chuo haendi kabisa, kwa kuwa yeye na damu hawapatani. Nikakosa usingizi. Nikampeleka kwa Mzee Kengele, nikamwomba amkalishe na daktari mzuri amtoe huo woga.

Akamkalisha na daktari kweli. Nikawa napitisha chai huku nimetega sikio. Daktari akaeleza kwamba jana alifungua maabara, akawalisha mbu wake, kisha akaangalia ni wangapi wamesalimika na dawa mpya. Nikaweka birika chini, nikamvuta Mzee Kengele pembeni.

"Kaka, nimekuomba daktari, umeniletea mfuga mbu?"

Akanijibu kwa upole wake ule unaoudhi: "Dada, hapa chuoni kila aliyesoma hadi mwisho ni daktari. Wewe hukusema wa nini."

Nikageuka nimwondoe mtoto wangu. Nikamkuta ameinamia meza, anataka kujua mbu anamchaguaje mtu wa kumuuma, na kwa nini nyumbani wanamfuata baba peke yake. Meza nzima ikacheka, naye akacheka. Sauti hiyo nilikuwa nimeikosa kwa muda mrefu. Nikarudi kwenye birika langu, nikammiminia mfuga mbu kikombe cha pili bila kuombwa.

Si wangu tu. Wapo wafamasia, wakunga na wataalamu wa mionzi waliopita kwenye meza ile, na vijana wa shule za mbali wanashiriki kwa simu kwa sababu Mzee Kengele hakuchoka kuisumbua idara ya mitambo hadi ikakubali.

Mwaka huu binti yangu ametunukiwa shahada ya uzamivu. Ni daktari, majirani hawakukosea, ila damu anayoiona ni ile iliyo tumboni mwa mbu. Anakula, amenenepa, na ananibishia kila neno. Nami nimeshusha pumzi.

Mzee Kengele, kwa niaba ya jikoni, ya ofisi na ya wazazi wote, asante. Umetubebea hofu zetu miaka yote hii, sasa zitue. Nenda nyumbani na afya yako, ulale unavyotaka, na kila siku iliyo mbele yako ikupendeze.