Picha ya Msumari wa Mama Kahawa

Nashukuru lilopaa, na salama likashuka,
Na jicho lililokaa, angani likalisaka.

Benchi letu limeegemea ukuta wa studio ya picha za paspoti, na Mama Kahawa hutumiminia hapo kila asubuhi. Jana sote tulikwenda kutazama ndege za kivita zikicheza angani. Moja iliendeshwa na binti yake. Mwenye studio, tuliyempachika jina la Tulia kwa amri anayompa kila mteja, aliapa kuipiga picha ndege hiyo itakapopita chini kuliko zote. Leo kamera yake inapita mkono kwa mkono, na kila picha ni moshi.

— Ndege iko wapi, Tulia? — Kinyozi aliuliza. — Hili si jiko la bibi yangu?

— Nilihesabu kama kawaida. Moja, mbili… kufika tatu, imeshavuka mji.

— Kwani ulimwambia rubani ainue kidevu?

— Mazoea yana tabu, ndugu yangu.

— Haraka haraka haina baraka, — alisema Fundi Saa. — Kosa ni la ndege. Zile huutangulia wakati. Rudi uwanjani leo, utaikuta ya jana ndiyo kwanza inapita.

— Wapi! — alidakia Kinyozi. — Mbona hupinduka kichwa chini? Damu ishuke kichwani, rubani akumbuke njia ya nyumbani.

— Hawapinduki wale! Dunia ndiyo inayopinduka, wao wametulia tuli. Tulia, wewe ndiye uliyetikisika!

Mama Kahawa aliinua birika.

— Mwacheni jamani. Msumari wa kuitundika picha nimeshaugongomea ukutani, utakaa mtupu. Mwanangu alishuka kwa miguu yake mwenyewe. Nashukuru.

Hata hivyo, aliitupia kamera jicho mara nyingine.

Hapo binti akatokea, ovaroli ya urubani ingali mwilini.

— Shikamooni.

— Marahaba, rubani wetu!

Alimkumbatia mama yake, akapokea kikombe, akaketi kati yetu.

— Nilipopita chini kabisa, nani aliniona?

Kinyozi alikichungulia kikombe chake kitupu.

— Mwenye macho haambiwi tazama, — alinong'ona Fundi Saa, asitazame popote.

Jana, ngurumo ya ndege yake ilipotufikia, sote tulijitupa kifudifudi, viganja masikioni, majani mdomoni.

Tulia alibonyeza kamera hadi picha ya mwisho, tusiyokuwa tumeifikia, ile ambayo kidole chake kiliifyatua akianguka. Ndege haimo. Mna migongo, kofia zilizotupwa, nyayo za viatu. Na katikati Mama Kahawa, birika mkononi, uso juu.

— Mama, hukuogopa?

— Niliogopa mno. Ningelala na mimi, nani angekutazama?

Binti alikishika kile kioo kidogo cha kamera kwa mikono miwili.

— Mjomba Tulia, hii ndiyo ya ule msumari. Asante sana.

— Na sikuhesabu, — Tulia alisema.

Uwanja mzima ulikuwa umelala. Aliyebaki amesimama ni Mama Kahawa.