Dada Yetu, Mlezi wa Bakteria Walao Mafuta

Dada yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Povu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma shule ya nyuma ya nyumba yetu hadi akafika chuo kikuu, enzi ambazo mwanafunzi alikaa na kitabu mpaka kikamwingia.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika maabara ya chuo. Huko aliwalea bakteria waliotoka kwenye udongo uliolowa mafuta, chini ya bomba la moto la kiwanda. Walistahimili joto la nyuzi hamsini na tano, wakatoa kitu kama sabuni kinachovunja mafuta yawe matone madogo, wapate kuyala. Ni yeye aliyegundua kwamba jeni za sabuni hiyo zimo kwenye kipande kidogo cha DNA ambacho bakteria hukitupa wasipokihitaji. Ndiyo maana hakuwalisha kingine ila mafuta, ingawa hukua polepole mno.

Mwaka 1987 aliolewa na dereva wa lori la mafuta.

"Wewe unamwaga, mimi nafagia," alimtania.

"Nisipomwaga, wanao watakula nini?"

Shemeji alitangulia mwaka 2015.

Machi mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akalazwa. Vijana wa maabara wakashika kazi yake kwa namna ya siku hizi, mbio mbio. Mmoja akamletea chupa wodini, uso umemchangamka.

"Mama, ona walivyostawi!"

"Mmewalisha nini?"

"Sukari, mama. Mafuta yanachelewesha."

Alimwambia atie mafuta kidogo, atikise. Povu halikutoka. Mafuta yakaelea juu.

"Toa wale tuliowagandisha."

"Friji tuliiondoa, mama, tukaweka kompyuta. Lakini jeni zote zimeandikwa humo."

"Basi nenda kaitikise hiyo kompyuta."

Wauguzi walicheka. Yeye hakucheka. Alimrudishia kijana chupa, akasema, "Warudishe kwenye mafuta. Huenda wamebaki wachache ambao hawajakitupa kile kipande. Usiwaharakishe, mwanangu. Kaa nao."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, akisubiri jibu. Watu wa kukaa na kitu kimoja miaka arobaini hawazaliwi tena, na tuliyekuwa naye tunamzika leo.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, mimi kaka yake, na chupa moja yenye joto, ya bakteria waliorudishwa kwenye mafuta, ambayo hadi jana jioni haikuwa na povu.

Alale pema, mlezi wetu.