Ukurasa wa Binadamu

Kijiwe cha Mabatini hakina kibao, lakini ukimwuliza mtu yeyote wa Mwanza mwenye baiskeli, atakuelekeza baraza ya duka la Anil, muuza vipuri. Hapo pana benchi moja la mninga lililokaliwa mpaka likang'aa, na mbele yake Chenge anauza kahawa na kashata tangu soko huria lilipomtoa kiwandani. Mwaka huo wa tisini na sita kila kitu kilikuwa kinauzwa, hata vitabu kwa kilo, na Chenge alinunua vya kufungia kashata. Asubuhi tunayoisema, aliyekalia ncha ya benchi kama mshitakiwa alikuwa Mayala, fundi baiskeli, ambaye kijiwe kilimbatiza Nne Bila siku mkewe Dorcas alipojifungua binti wa nne. Alfajiri hiyo shemeji yake alipita mbio na chupa ya uji, akasema bila kusimama: "Dorcas kajifungua salama, msichana!" Kabla Mayala hajavaa viatu vya kwenda hospitali, baba yake mkubwa, mzee Ngosha, akateremka kutoka basi la kwanza la Magu, akamshika mkono na kumkalisha pale. Mzee alikuja na habari ya binti mmoja wa Usagara anayefaa kuwa mke wa pili. Wazazi wa binti walikuwa wanangoja jibu siku hiyohiyo, na gari la Usagara lilikuwa linaondoka saa nne.

— Tano bila, — alisema Chenge akimimina kahawa. — Na refa bado hajapuliza filimbi.

Mayala alicheka, maana kijiweni anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Lakini alicheka huku akitazama njia ya hospitali. Alimpenda Dorcas, na hakuona atamtazamaje usoni akiwa na habari ya Usagara mfukoni.

— Haya si mambo ya kuchekea, — alisema mzee Ngosha. — Mwanangu, mtoto wa kike ni mali, sikatai. Ng'ombe wataingia. Lakini wakishaingia, nani atawachunga?

— Mzee, Mayala amepanga chumba na sebule, — alisema Anil kutoka mlangoni pa duka. Anil alizaliwa Mwanza, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko cha Chenge. — Hao ng'ombe wataingilia wapi?

— Wewe Anil una wangapi?

— Mabinti wawili. Huyo mmoja ndiye anayepiga hesabu ndani sasa hivi, ndiyo maana mimi niko nje nabishana na ninyi.

— Unaona? Ugonjwa uko kwenye baraza hii. Unaambukiza!

— Ngojeni! Ngojeni kwanza! — alipiga kelele Nkwabi, na kashata ikamtoka mdomoni.

Nkwabi walimwita Daktari. Alikuwa bwana mifugo kwa miaka kumi na mitano, mpaka serikali ilipopunguza watu na yeye akawa mmoja wa waliopunguzwa. Kimombo alikuwa nacho, ng'ombe ndio hakuwa nao tena. Sasa alikuwa ameinua karatasi ya kufungia kashata, ina mafuta, anaisoma kwa kuielekeza juani.

— Hii karatasi inazungumzia kesi yetu! Ni kitabu cha viumbe wa baharini wasio na uti wa mgongo. Hapa anaelezwa kamba, yule jamaa mwenye masharubu, ndugu mkubwa wa uduvi. Wanasema ndani ya mwili kuna vitu kama nyuzi, vinaitwa kromosomu. Nyuzi hizo zimebeba jeni, yaani maagizo: pua iwe hivi, mguu uwe vile. Na kuna jozi moja ya nyuzi inayoamua dume au jike.

— Na jozi hiyo anayo nani? — aliuliza mzee Ngosha, akisogea.

— Wote wanayo. Ila kwa kamba, dume ana nyuzi mbili za aina moja. Jike ndiye ana mbili tofauti. Kwa hiyo yai likipewa uzi huu, mtoto dume. Likipewa ule, mtoto jike. Mwamuzi ni mama.

Mzee Ngosha alipiga goti lake kofi moja la ushindi.

— Si nilisema? Mama! Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani! Mayala, nyanyuka, twende Usagara.

— Mzee, methali hiyo ya mabaharia inahusu nini hapa? — aliuliza Chenge.

— Si mnazungumza habari za baharini?

Mayala aling'ang'ania benchi. Katika hukumu zote za maisha yake, hakuwahi kufikiri kwamba mkewe angehukumiwa na kamba. Akakohoa.

— Daktari, huyo ni kamba. Dorcas si kamba.

— Damu ni damu, — alisema mzee.

— Hapana, mzee, hapo mwanao ana hoja, — alisema Nkwabi, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyekumbuka kitu cha darasani. — Mimi nimesomea ng'ombe. Kwa ng'ombe ni kinyume. Jike ana nyuzi mbili za aina moja, dume ndiye mwenye mbili tofauti. Ndama akiwa jike au dume, ametoka hivyo kwa baba.

Anil alitoka mlangoni akasogea.

— Maana yake, — alisema Anil taratibu, — kama binadamu yuko upande wa ng'ombe, Mayala akioa Usagara, akaoa na Butimba, akaoa na Magu yote, bado ni mabinti?

— Bado ni bahati nasibu ileile, kwa mkono uleule.

— Astaghafiru, — alisema Chenge. — Tano bila mpaka ishirini bila!

Mzee Ngosha alivua kofia, akaivaa tena.

— Mwanangu si ng'ombe.

— Na mkewe si kamba, — alisema Mayala upesi.

— Basi tutafute ukurasa wa binadamu! — aliamua mzee. — Chenge, fungua hizo kashata.

— Sifungui. Kashata iliyofunguliwa haina mnunuzi. Anayetaka kusoma, anunue.

— Kitabu chenyewe ni cha wadudu wa baharini, mzee, — alisema Nkwabi. — Binadamu hayumo.

— Kitabu gani cha viumbe kitamsahau binadamu? Nunua!

Hapo ndipo kijiwe kilipoanza kula kwa ajili ya elimu. Kashata ya pili ilifunguliwa, mzee akaitafuna huku akiangalia midomo ya Nkwabi.

— Hapa ni chaza, — alisoma Nkwabi. — Wale wa kwenye magamba, wanaotoa lulu. Loh! Wengi wao huanza maisha wakiwa madume. Wakishakua, baada ya msimu mmoja au miwili, wanageuka majike.

— Wanageuka wenyewe?

— Wenyewe. Jeni zina mkono wake, lakini na chakula kina mkono wake, na joto la maji. Akishiba vizuri anakuwa mama.

— Haraka haraka haina baraka, — alisema Chenge kwa sauti ya mtu aliyefumbua fumbo. — Mnaona? Hilo ni soko huria. Zamani serikali ilikuwa inakupangia: wewe pamba, wewe kiwanda. Sasa hata chaza anajiamulia. Dorcas alikula nini mimba hii?

— Sato, — alijibu Mayala kabla hajajizuia. — Na embe mbichi.

— Ndiyo hiyo! Alishiba. Ungemnyima.

— Ukimnyima mjamzito chakula, mama mkwe wako atakuletea mchi, si mjukuu wa kiume, — alisema Anil. — Mimi nasema ni joto. Mabati haya tunayolala chini yake! Maji ya moto, chaza jike. Nyumba ya moto, mtoto jike. Mayala, weka dari.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, — alikubali Chenge.

— Dari iko juu, Chenge.

— Ndiyo, lakini fundi akiangusha nyundo?

Kashata ya tatu, ya nne, ya tano. Mzee Ngosha sasa alikuwa na makombo ya karanga kwenye ndevu na macho yamemtoka. Mayala alikula pia, ingawa hakuwa na hamu. Kila karatasi iliyofunguliwa aliiangalia akiomba ndiyo iwe ile itakayomwachilia Dorcas. Hakutaka kushinda yeye. Alitaka tu mtu mwenye elimu aseme mke wake hana kosa, ili apande mlima mpaka hospitali akiwa mtu huru.

— Mungu wangu, — alisema Nkwabi kwenye ya sita, na akasimama. — Huyu sasa ni mnyoo. Mnyoo wa kijani wa baharini. Huyu mambo yake hayasubiri nyuzi. Mtoto anazaliwa si dume si jike, anaelea majini. Akitua mahali patupu kwenye sakafu ya bahari, anakuwa jike. Akitua mwilini mwa jike mzima, dawa inayotoka kwenye ngozi ya jike huyo inamfanya dume. Dume mdogo kama punje ya ulezi. Anaingia ndani ya mkewe, anaishi humohumo maisha yake yote.

— Anaishi ndani ya mkewe?

— Humohumo. Hafanyi kazi, halimi, haendi sokoni.

— Na anakula nini?

— Anachokula mkewe.

Chenge aliweka birika chini.

— Huyo namjua. Anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu.

Waliangua kicheko hata wapita njia wakageuka. Mzee Ngosha peke yake hakucheka. Alikuwa anafikiri, na kufikiri kwake kulitisha.

— Nimeelewa, — alisema. — Mtoto akitua patupu, jike. Akitua kwa mtu mzima, dume. Mayala, hawa watoto wako mmekuwa mnawalaza wapi wakishazaliwa?

— Kwenye mkeka, baba.

— Patupu! Patupu kabisa! Wangelala kifuani kwako!

— Mzee, akishazaliwa ameshazaliwa, — alisema Nkwabi.

— Daktari, umesema mwenyewe anazaliwa si dume si jike!

— Mnyoo! Mnyoo, mzee, mnyoo!

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — alisema mzee kwa uchungu. — Chenge, zimebaki ngapi?

— Moja.

Karatasi ya mwisho ilifunguliwa huku watu wanne wameiinamia. Ilikuwa na picha ya kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye mikono mitano. Nkwabi aliisoma mbele na nyuma. Akashusha pumzi.

— Anasemaje? — aliuliza Mayala, na sauti yake haikuwa ya kijiweni tena.

— Anasema kwa wengi wa hawa, wataalamu wenyewe bado hawajui ni nini kinachoamua.

Gari la Usagara lilipiga honi upande wa stendi. Saa nne kasoro. Mzee Ngosha alisimama, akapangusa ndevu.

— Basi vitabu vimeshindwa, mila ibaki. Mayala, nipe neno. Ndiyo au hapana.

Mayala alifungua mdomo. Hakujua ni neno gani lingetoka, na hakulitoa, maana mbele ya benchi alikuwa amesimama mwanamke mwenye sweta juu ya sare na macho mekundu ya kukesha. Alikuwa Wilhelmina, mhudumu wa wodi ya wazazi, anayekaa hapo Mabatini. Alimwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamgeukia Mayala na kumwita kwa jina la binti yake wa kwanza.

— Baba Bernadeta, nimetoka zamu. Mama Bernadeta kaniomba nipite hapa, anajua sitakukosa. Ana swali moja tu. Mtoto anaitwa nani? Karatasi iko mezani, nafasi ya jina iko wazi. Nikamwambia andika tu lolote, akasema kwenu jina hutoka kwa baba, atangoja.

Nkwabi, aliyekuwa na jibu la chaza na la mnyoo, alitazama ndani ya kikombe chake kitupu. Chenge alipuliza mkaa usiohitaji kupulizwa.

— Jina nimekuja nalo, — alisema mzee Ngosha kwa sauti ndogo. — Shimba. La marehemu baba yetu.

— La mwanamume, — alisema Wilhelmina.

— Ndilo nililokuja nalo. Jingine sikubeba.

— Na yukoje, huyo mtoto? — aliuliza Anil, akitaka kusaidia. — Anafanana na nani? Labda jina litapatikana hapo.

Wilhelmina alimtazama Anil, akawatazama wengine mmoja mmoja, mpaka akafika ncha ya benchi.

— Mnaniuliza mimi? Baba yake si huyu hapa?

Mayala aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Kwa saa tatu alikuwa amejifunza jinsi mnyoo wa kijani anavyopata udume wake baharini, na hakujua kama binti yake ana nywele. Dorcas yuko juu kule na uji wa watu wengine, anangoja jina, naye yuko chini anatafuna kashata ili apewe ruhusa ya kwenda kumwona.

Akainuka.

— Tunaenda? — aliuliza mzee.

— Mimi naenda hospitali, baba.

— Na watu wa Usagara niwaambie nini?

— Waambie nimepata mgeni tangu alfajiri, na mpaka sasa hivi sijaenda kumsalimu. Waambie hivyohivyo. Wenyewe ni wazazi, wataelewa.

Honi ya gari ililia tena, na mzee Ngosha akavua kofia, akabaki amesimama nayo mkononi.

Mayala alichuchumaa kwenye karai lake la kutafutia pancha, akaomba sabuni kwa Anil, akaanza kuosha mikono. Grisi ya baiskeli haitoki kirahisi. Alisugua viganja, akasugua katikati ya vidole, akachokonoa chini ya kucha moja baada ya nyingine, kwa sababu wakimpa mtoto ashike, hakutaka kumchafua.