Kimya na Rafiki Yake wa Bandani

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, dada mkubwa, niwasomee maisha ya mdogo wetu, nanyi mnivumilie, maana karatasi waliyoniandikia kaka zangu ni fupi, nami nina la kuongeza.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Juni 1971, kitinda mimba kati ya watoto watano, na kwa kuwa hakulia hata alipokatwa kitovu, baba alimwita Kimya, jina likamganda. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1985, sekondari 1989, na tarehe 2 Januari 1991 akaajiriwa kuwa karani wa masjala, akapanga mafaili miaka thelathini na tatu, dirisha lake likitazama ukuta. Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996, ndoa ikavunjika 2003 bila kujaliwa mtoto, na tangu hapo kila Jumamosi alishinda jikoni kwangu, nami, Mungu anisamehe, nikaona ni haki yangu.

Aprili 2018 daktari wa mgongo alimshauri afanye mazoezi, naye, mtu aliyeogopa hata mbuzi, akaenda kwenye mabanda ya farasi, akawa anazoa samadi kila Jumamosi asubuhi ili apewe nusu saa ya kupanda. Huko, akiwa na miaka arobaini na sita, alipata rafiki wa kwanza maishani mwake, fundi cherehani mmoja, mwanamke mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Farasi ni mjanja, akifungwa mkanda wa tandiko hujaza tumbo pumzi, kisha huzishusha, mkanda ukalegea, kwa hiyo wawili hao walikaguliana mikanda mara ya pili, na hakuna aliyepanda kabla mwenzake hajatia vidole chini ya mkanda na kumwambia haya, panda.

Alinialika miaka sita, nami nikamjibu kuwa farasi ni mambo ya wasio na kazi. Nilikwenda mara moja tu, Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, tena nilikwenda na wivu wangu, nikamwita fundi pembeni ya uzio, nikamuuliza amemlisha nini mdogo wangu hata akanisahau, nikamporomoshea maneno nisiyoweza kuyasoma mbele ya wazee. Kimya, ambaye ugomvi ulimtetemesha tangu utotoni, alipanda peke yake ili aondoke, tandiko likageuka, akaangukia kichwa. Alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi siku kumi na moja, akafariki Jumatano tarehe 20 Machi, saa nne asubuhi, bila kufumbua macho.

Karatasi ya kaka zangu inasema ameuawa na uzembe wa rafiki yake. Si kweli jamani, mkanda haukukaguliwa kwa sababu yangu mimi, nami nilinyamaza fundi alipofukuzwa wodini, nikanyamaza tena leo alipozuiwa getini.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na wafanyakazi wenzake wa masjala. Fundi namshukuru kwa miaka sita ambayo mdogo wangu alicheka, na bado amesimama nje, kaka zangu mfungulieni, aketi kwenye kiti changu, mimi sistahili kukaa mbele. Kimya, mdogo wangu, wewe pumzika kwa amani, mimi sina pa kuipata.