Hilda Lyatonga na Kishindo Kilichomezwa na Maji

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, Bi. Hilda Lyatonga anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2003. Aliingia Mradi wa Maji wa Kisambo mwaka 1971 akiwa msoma mita, akapanda hadi mkaguzi mkuu wa mabomba. Amefundisha mafundi kumi na mmoja, mimi nikiwemo, na hakuna hata mmoja aliyechelewa kazini mara mbili.

Mwaka tutakaousimulia zaidi ni 1994. Bomba kuu linaloshuka kutoka juu ya Mwika lilipasuka mara nne ndani ya miezi miwili. Mkandarasi akataka kufukua kilomita nne nzima, katikati ya vihamba, mashamba ya watu ya nyumbani, kahawa na migomba ing'olewe. Barua ya kuomba kibali niliiandika mimi.

Bi. Hilda alikataa. Alisema lazima ndani ya bomba kuna kishindo kinacholipasua, kifupi kuliko kupepesa jicho, ila ngurumo ya maji inakimeza. Mzee Wenseslaus, ambaye kihamba chake kingefukuliwa kwanza, alitega sikio kwenye bomba kwa muda mrefu.

"Mama, mimi nasikia maji tu."

"Hata mimi, Baba," akajibu. "Lakini sijamaliza kusikiliza."

Alimwendea Amirali, fundi redio wa mjini Moshi, akaazimwa kinasa sauti na kipaza sauti kidogo cha kubandika kwenye chuma. Alirekodi kwenye chemba za kukagulia bomba, moja baada ya nyingine, nasi tukambatiza Mama Kaseti. Wiki mbili alipata ngurumo tupu. Siku moja nilimkuta dukani kwa Amirali akifuta machozi, nikajifanya sikuona. Kisha Amirali akapunguza besi hadi mwisho, ngurumo ikafifia, wakazirudia kanda zote. Kishindo kikajitokeza: hafifu chemba ya pili, kikubwa kidogo ya nne, kikali kabisa ya saba.

Tulichimba shimo moja tu, hapo kwenye chemba ya saba. Vali iliyochakaa ilikuwa ikijifunga ghafla, maji yakirudi kwa nguvu na kulipiga bomba. Tuliibadilisha, na bomba likatulia. Mzee Wenseslaus alipoteza migomba miwili, akatukaribisha sote pombe ya mbege, mkandarasi naye akiwemo.

Mama, sijawahi kukuambia mbele ya watu: ulikuwa sahihi, nami nilikosea. Asante.

Sasa unakwenda Tarakea kulima maharage na dada yako Margareta. Tunakuombea afya, mvua za wakati na wateja wasiobishania bei. Kaa kwa furaha, Mama, umestahili.

Fabian, Kitengo cha Ufundi